Njia Uliyoipima Wewe

Dada yangu mpenzi,

Kifua kinanibana, lakini mkono bado unaandika. Jana wauguzi walinisukuma kwa kiti cha magurudumu kwenye ile njia ya baiskeli ya msituni. Sikurushwa hata mara moja.

Unakumbuka nilivyoikagua nikiwa ndani ya gari, nikaipitisha? Ulicheka: "Kaka, njia ya baiskeli hupimwa kwa matako." Ukaipita kwa baiskeli yako, ukichora chaki penye kila nundu ya mizizi na kila kona kali. Nikazirekebisha, nikasema ni ujuzi wangu, nikapewa nishani.

Nimewaandikia ofisini ukweli wote. Nishani imo humu kwenye bahasha, ivae ukiendesha. Miaka thelathini nimejivunia kazi yako. Sasa acha nijivunie wewe.

Kaka yako,
mkaguzi wa ndani ya gari