Mama Yako Hakutuficha

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika, marahaba, ingawa mume wangu hucheka kila akisikia mtu mzima kama wewe ananiita bibi. Ndiyo shida ya kuzaliwa kitindamimba. Huku Kiseke mtoto anaota meno, halali, nami silali. Bibi yako mkubwa, dada yangu, akipakua chakula bado anatoa na sahani ya mama yako.

Umeuliza kama mama yako alituficha ugonjwa. Hapana. Kuna siku tulikuwa ufukweni tunaanika dagaa, mimi nimechoka nimekaa chini. Akanicheka: "Inuka, mama mdogo! Kabinti kadogo, mgongo wa kizee!" Akabeba na beseni langu. Macho yake yalikuja kuwa ya njano baadaye, na daktari akasema homa ya ini aina ya C ilikuwa imekaa mwilini miaka mingi. Yaliyofuata unayajua.

Wewe mwenyewe umeniandikia mlichofundishwa chuoni, kwamba kirusi hicho kikiingia kwenye seli hukata protini iliyo kwenye utando wa mitokondria, ile inayopiga yowe kuita msaada. Nimeisoma barua yako tena na tena huku nanyonyesha. Kama seli zake zenyewe zilizibwa mdomo, yeye angetuambia nini? Acha kumkasirikia.

Na nenda ukapime. Usiniambie hujisikii kuumwa. Yeye pia hakujisikia.

Bibi yako mdogo,
Mama Baraka