Mikaba ya rafia na swali la mama

Kindu, Alhamisi jioni

Sasa nani amekosea, mimi ao mama? Mpaka saa hii sijui.

Yule madamu wa Goma anayenunua mikaba yangu ya kufunga kiunoni na sakoshi zangu za kubeba mukononi alirudisha mukaba mumoja leo. Nilikuwa nimeushona kwa uzi wa nailoni ili usikatike upesi. Akasema wateja wake wa Ulaya wanataka rafia tupu, zile nyuzi za majani, kazi ya mikono, bila kitu cha kiwanda.

Nilikasirika. Wakati wa vita, treni ilipoacha kufika, nguo na uzi vilikwisha, na mama akatusukia vikwembe vya rafia vya kujifunga mwilini. Vilitukwaruza ngozi. Yeye mwenyewe aliacha kwenda kanisani kwa sababu ya aibu. Treni iliporudi, alinunua uzi wa nailoni kabla hata ya chumvi, na ile rafia yote akaichoma.

Tangu hapo hajaigusa. Mimi njo ninasuka, yeye anageuza uso.

Basi nikamwambia maneno ya madamu. Akauliza polepole: "Mutoto yangu, kule Ulaya iko vita?"

Nikasema hapana, mama, wanapenda tu. Hakuniamini. Muntu gani anaweza kupenda ile?

Kisha akachukua kisu, akaketi karibu yangu, akaanza kuchana rafia. Vidole vyake havijasahau.

"Tufanye haraka," akasema. "Aibu ya kukosa nguo, mimi naijua."