Pumba za Mpunga na Sugu Zangu

Mjukuu wangu Kabula,

Mwangaluka. Hapa Somanda tupo wazima, na mama yako amemaliza kuvuna mpunga. Umeniuliza kama pumba za mpunga zinafaa kwenye hizo sabuni za kusugulia ngozi unazotengeneza kuuza. Zinafaa, ila zisiposagwa zinachubua.

Nilipokuwa msichana, wakwe walikuja kuniona. Asubuhi ile nilichanganya pumba na sabuni, nikasugua viganja kwa nguvu ili sugu za jembe zitoke. Vikachubuka vibaya. Nilipokuwa nawanawisha wageni, mama yake babu yako akaona damu kwenye jagi. Alinifuata jikoni, akanipaka samli kidole kwa kidole, akaniambia, "Binti, hizo sugu ndizo nilizokuja kuziangalia."

Basi zisage mpaka ziwe unga, uchekeche kwa kitenge kilichochakaa, ujaribu kwanza kwenye mkono wako. Ila kwenye karatasi ya sabuni usije ukaandika kwamba inaondoa sugu. Mimi zangu bado ninazo, na babu yako bado anazishika tukisali.

Bibi yako,
Minza