Kamba Iliyokatwa Katika Korongo la Kihuruka

KITUO CHA POLISI MBINGA
MAELEZO YA NYONGEZA YA SHAHIDI
Tarehe 10 Desemba 1996, saa 8.20 mchana

Jina: Bernadi Kinunda
Umri: Miaka 51
Kabila: Mmatengo
Kazi: Mkulima, na mwandishi wa barua za maombi
Makazi: Mpepai

Mimi niliyetajwa hapo juu, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu, naomba kuongeza katika maelezo yangu ya tarehe 7 Desemba, ambayo hayakuwa ya uongo lakini yalikuwa na upungufu. Koplo Tadei ameniruhusu kuandika kwa mkono wangu mwenyewe. Ninaandika kwa haraka isiyo desturi yangu, kwa sababu nimeelezwa kwamba Zaidi Masoudi, mwenye duka la vitambaa mjini hapa, atapelekwa Songea kesho asubuhi kwa tuhuma ya kumuua rafiki yetu Pankras Hyera kwa kuikata kamba iliyomshikilia. Mahabusu iko nyuma ya ukuta huu. Namsikia akikohoa. Nimesimama mara mbili tangu nianze aya hii, na Koplo ameniomba nikae.

Marehemu Pankras alikuwa karani wa chama cha ushirika hadi wanunuzi binafsi wa kahawa walipoingia, naye akapunguzwa kazini. Mwezi Oktoba alinijia na picha aliyoikata katika gazeti la wamisionari, ikionyesha Wazungu wakiteremka korongo kwa kamba huku wakicheka. Alisema Korongo la Kihuruka, linaloanzia chini ya Kingerikiti na kushuka kuelekea ziwani, linalizidi lile la pichani, na kwamba siku hizi mtu yeyote anaruhusiwa kufungua biashara ya kuongoza wageni. Alitaka kwanza tulipite sisi wenyewe. Alinifuata mimi kwa kuwa kuanzia mwaka 1978 hadi 1983 nilikuwa kibarua wa wapima maji, na nililiteremka korongo hilo mara nne. Yeye na Zaidi hawakuwahi kuteremka hata mara moja.

Niliwafundisha kwa Jumamosi tano, kwenye machimbo ya mawe pale Mpepai. Niliwafundisha kuuachia mwili uegemee nyuma kwenye kamba, miguu ikiusukuma mwamba. Kuvaa raba zilizobana. Kufunga nguo kavu ndani ya mifuko miwili ya nailoni. Na kuelea chali, miguu ikitangulia, endapo maji yatawachukua. Zaidi alikuja siku ya kwanza na ndala mpya. Marehemu alimshauri azirudishe dukani kabla mwamba haujazinunua.

Niliwafundisha pia kwamba ndani ya korongo sauti haisikiki, hivyo tutasemezana kwa mikono. Mkono mmoja juu ni ngoja. Mikono miwili juu ni vuta. Kiganja kikipitishwa mara mbili juu ya mkono mwingine, kama msumeno, ni kata. Nilieleza na sababu: mtu aliyefungwa kamba akizidiwa na maji, kamba ile ile humshikilia chini hadi afe, na aliye juu hana budi kuikata ili maji yamtoe. Kila mmoja wetu alifunga kisu kifuani.

Hapo ndipo Zaidi alipotamka maneno ambayo Dastan Hyera, kaka wa marehemu, ameyaeleza kituoni hapa. Marehemu alimuuliza kama mtu wa dukani ataweza kukata kamba. Zaidi akajibu, "Bwana karani, wewe nitakupima kwanza. Ukitoka yadi mbili na robo, nakata." Tulicheka sote, na Dastan, aliyekuja kututazama siku hiyo, alicheka. Wawili hao walitaniana hivyo tangu shule ya msingi. Hayakuwa maneno ya vitisho.

Mnamo Jumamosi tarehe 7 Desemba, saa 12.30 asubuhi, tuliingia korongoni. Dastan alitembea juu, ukingoni, akiwa amebeba chakula. Saa 4.10 tulikuwa tumesimama juu ya maporomoko ya tatu, yenye kimo cha mita kumi na nne. Milimani mvua ilikuwa imeanza, na wingu lilikuwa jeusi. Zaidi aliuliza kama si afadhali turudi. Nilimjibu hivi, na naomba maneno yangu yabaki kama yalivyo: "Kule juu ni ngolo tupu. Zitakunywa kwanza. Tuna saa mbili."

Kwa faida ya asiye mwenyeji, ngolo ni mashimo ya shamba ambayo sisi Wamatengo huyachimba kwenye miteremko, safu kwa safu, nayo huishika mvua isishuke kwa kasi. Nimekulia kwenye ngolo. Mito yetu hujaa polepole. Sikupanda kwenda kuutazama mteremko ule mwaka huu.

Nilitangulia kuteremka, nikajifungua kamba, na Zaidi akaivuta juu. Nilijibanza chini ya mwamba wa kushoto, mahali ambapo Zaidi aliye juu ya maporomoko aliniona, lakini mtu aliye ukingoni, kama Dastan, hawezi kuniona. Marehemu alifuata. Zaidi alibaki juu, akiiachia kamba iliyozungushwa kwenye shina la mti. Saa 4.35 marehemu alifika kidimbwini. Hakuwa amejifungua bado maji yalipogeuka mekundu, na kabla sijainua mkono yalishuka yote kwa mkupuo, pamoja na matawi. Yalimfunika. Kamba ilibana kwenye shina na haikuachia. Zaidi alivuta hadi akapiga magoti. Kichwa cha marehemu kilitokea mara moja, kisha hakikutokea tena. Nilihesabu hadi arobaini.

Zaidi alikuwa na kisu mkononi na hakukata. Alinitazama mimi.

Nilipitisha kiganja changu juu ya mkono, mara mbili. Ndipo alipokata.

Hilo sikulieleza tarehe 7. Nilieleza kwamba kamba ilikatwa. Sikueleza ni kwa amri ya nani. Dastan alikiona kisu, mkono wangu hakuuona. Sijui kama Pankras alikuwa hai nilipoamuru, na sitaki kulipamba jambo hili kwa kusema najua. Tulimpata saa 7 mchana kwenye mchanga, juu kidogo ya mashamba ya mpunga ya Lundo, akiwa amefariki. Dastan alipomshika Zaidi shingoni, nilikuwa hatua tatu kutoka hapo, nikikunja kamba.

Jumapili nilipanda mlimani. Nilikuta mteremko wote umefunguliwa msimu huu kwa mahindi ya kuuza. Ngolo hakuna hata moja. Matuta yameshuka moja kwa moja hadi mtoni kama mifereji. Tangu siku hiyo sijaweza kulala wala kukaa mahali pamoja.

Niliyoyaona kwa macho yangu na niliyoyatenda kwa mkono wangu ni hayo. Nimeyasoma tena na kuyakubali. Naomba yasomwe kwa Dastan, na kwa Ottilia, mjane wa marehemu, kabla gari halijaondoka.

Sahihi: B. Kinunda

Maelezo ya mpokeaji:
Yameandikwa mbele yangu. Shahidi ameonywa kwamba yanaweza kutumika dhidi yake. Saa 10.05 nimemhoji mtuhumiwa Zaidi Masoudi peke yake, bila kumsomea maelezo haya. Nilimuuliza ni nani aliyemwamuru kukata. Nilipomwambia kwamba Kinunda amekwisha kuandika, ndipo alipoonyesha ishara ile ile ya kukata kwa mkono. Alipoulizwa kwa nini hakuitaja kwa siku tatu, alijibu: "Yule ni mzee wetu. Nilimwachia aseme mwenyewe." Safari ya Songea imeahirishwa kwa amri ya Mkuu wa Kituo. Shahidi ameingizwa mahabusu hiyo hiyo saa 10.40. Hakukuwa na vurugu. Mtuhumiwa alimwamkia na kumpisha mahali pa kukaa.

Koplo Tadei