Shingo ya Baba Kidoti

Jumanne, 4 Machi

Nimemsindikiza mume wangu kupimwa mishipa ya shingo. Kwao wanaume huanguka mapema kwa kiharusi. Kumbe ni ultrasaundi, ile ile waliyonipimia mimba ya Kidoti! Mpimaji kampaka jeli, akamtania: tulia mzee, hapa hatutafuti mtoto. Nikacheka. Kwenye skrini mshipa unapwita, ukutani mwake kautando ka mafuta. Ndiyo kwanza kanaanza, kasema. Aache sigara, ameze dawa, arudi baada ya miezi sita. Kanifundisha na dalili za kiharusi: mdomo kwenda upande, mkono kufa ganzi, ulimi kuwa mzito.

Nyumbani — ngumi ya mdomo. Eti nimemcheka mbele ya watu. Jino limetoka.

Ila dawa kameza. Akipona hasira zitapungua, naamini.

Jumapili, 8 Juni

Mama mkwe kaja, kalikuta jicho langu limevimba. Kasema nisimpandishie mwanawe presha, nitamuua. Haya! Napigwa mimi, muuaji mimi.

Jumatano, 16 Julai

Mume wangu kaja na mkanda. Nikajifungia stoo na Kidoti. Mara kishindo nje. "Mke wangu... mdomo wangu..." Sauti inajiburuta. Nikafungua mbio.

Alikuwa anacheka! Kanikamata nywele, kanibamiza kichwa kwenye fremu ya mlango mpaka damu ikamrukia mtoto.

Alhamisi, 4 Septemba

Kapimwa tena. Utando umenenepa. Mpimaji kamkazia macho: bwana, sigara hujaacha. Akainama kama mtoto wa shule. Njiani kanishika mkono, kasema anaogopa. Nikamwonea huruma jamani. Nikasema tutapambana wote.

Jumamosi, 6 Septemba

Mchana. Stoo tena. Nimemwomba tu azime sigara. Kanikaba hadi nikaona giza, nikamng'ata, nikakimbia na Kidoti. Kapiga mlango mateke, ubao umepasuka. Halafu kishindo. Kimya.

Daftari nalificha humu, nyuma ya ndoo. Naandika huku nimetega sikio.

"Fu... fungu..."

Safari hii hajaita "mke wangu".

Nachungulia kwenye ufa. Uso siuoni. Naona mkono sakafuni, sigara katikati ya vidole. Moto umefika kwenye nyama. Vidole havitikisiki.

Kidoti ananong'ona, "Baba kalala?"

Nimeshika komeo. Harufu ya ngozi inaingia. Mara ile alicheka upesi.

Nangoja acheke.