Majani ya Viazi Ulaya

Jumanne, 10 Januari 1911
Nimepanda viazi Ulaya nyuma ya nyumba, mistari minne, kando ya nyanya. Mbegu kanipa Halfani, mtunza bustani ya bomani. Kasema huliwa kilicho chini ya udongo tu. Sikumuuliza kwa nini—mwalimu wa shule aonekane hajui! Mke wangu Loisi anacheka. Haamini kama kuna kiazi kisicho kitamu.

Jumapili, 19 Februari
Vimestawi! Majani yanafika magotini. Loisi yuko Haneti kwa dada yake Emilia, aliyejifungua. Mama mkwe anakuja kumwagilia nikiwa shuleni. Tukikutana njiani, anajifunika uso na kupita pembeni. Ndivyo ilivyo kwetu: mama mkwe simsemeshi, simtazami. Bustani safi kuliko nilivyoitunza mimi. Namshukuru kimoyomoyo, basi.

Jumamosi, 25 Februari
Mashina matupu! Majani yote ya viazi yamechumwa. Nimeyaona yameanikwa juu ya paa la tembe la mama mkwe, kama majani ya kunde. Nimekasirika kidogo. Lakini viazi bado vimo ardhini, na mama huyu hawezi kuona jani bichi akaliacha. Loisi angekuwepo, ningemtuma akamwambie hayaliwi. Nimenyamaza.

Jumatano, 1 Machi
Halfani kapita kutazama viazi. Kaniuliza majani yako wapi. Nikamweleza. Kashika kichwa! Ni sumu. Mwaka jana mbuzi wawili wa bomani waliyala, wakafa wote.

Nimekimbia mpaka kwa mama mkwe. Nikasimama nyuma ya ukuta, nikapaza sauti: yale majani yasiliwe! Nikarudia. Ndipo nikamsikia akisema na kuku wake.

“We kuku, mwambie mwalimu, mimi sijayala. Nimeyatwanga yote nikampelekea mzazi Haneti. Mchuuzi Mazengo kaondoka nayo jana, na punda wake.”

Haneti ni mwendo wa siku mbili. Emilia ananyonyesha. Loisi anakula naye chungu kimoja. Ee Mungu, naogopa.

Alhamisi, 2 Machi
Nimetoka alfajiri. Mama mkwe yuko nyuma yangu, hatua mia hivi, kaniki kichwani. Sikumwita. Nikisimama, anasimama. Nikienda, anakuja.

Njia nzima nawaza. Nimesingizia mila. Ningeweza kumtuma jirani yeyote siku ile ile ya Jumamosi. Na kabla ya hapo ningeweza kumuuliza Halfani, kwa nini chini tu? Neno moja. Kiburi changu!

Ijumaa, 3 Machi
Adhuhuri tumekutana na mtu anayetoka Haneti. Kasema Mazengo alifika jana jioni, mzigo akaukabidhi. Zaidi ya hapo hajui.

Miguu imevimba. Nimekaa juu ya jiwe, nimeshindwa kabisa. Haya naandika kwa sababu sijui mikono niifanyie nini. Nilidhani mama atasubiri kule mbali kama jana. Hakusubiri. Kaja moja kwa moja mpaka hapa, kafunua uso. Miaka mitatu mimi ni mkwe wake, leo ndiyo mara ya kwanza namwona. Macho ni yale yale ya Loisi. Kanipa kibuyu cha maji kwa mkono wake mwenyewe.

“Inuka, baba,” kaniambia. “Saa hizi wanapika.”

Keshatangulia.