Bomba Jekundu la Uani

Nyumbani, chumba cha uani
Jumapili, tarehe 9 Machi

Mpendwa Dada,

Hujambo? Shemeji hajambo? Na binti yenu, meno yameanza kuota au bado anawachekea kwa ufizi mtupu? Sisi tupo, ila mimi tumbo linanisumbua, na sababu yake ndiyo imenikalisha kitako nikuandikie. Kwenye simu siwezi kusema. Mama huwa ubavuni kwangu, masikio wima.

Unalikumbuka tangi jeusi la marehemu Baba, fundi bomba asiyetaka hata tone lipotee. Maji tuliyoogea na kufulia huingia humo, yakapita kwenye mchanga, yakatoka kwenye bomba la uani meupe pe. Ni ya kupiga deki, ya maua na ya chooni. Kunywa, hapana: mchanga huzuia taka, vijidudu vinapita. Ndiyo maana Baba alilipaka bomba lile rangi nyekundu.

Sasa rangi hakuna. Mama ameisugua mpaka bomba linameta. Nikapaka upya, akasugua tena. Nikafunga kitambaa chekundu. Akakifua, akakipiga pasi, akaniwekea kabatini. Unamjua Mama na usafi! Nilicheka sana.

Kicheko kilinikauka nilipomkuta anajaza pale mtungi wetu wa kunywa. Nikamwambia, "Mama, hayo si ya kudekia?"

"Baba yako kapita asubuhi, kasema yako sawa," akanijibu, huku anafunika mtungi. Alisema hivyo kama anayetaja bei ya nyanya. Naogopa, Dada.

Najua mwisho wa mwezi unarudi kazini, na mtoto alikuwa aje akae na bibi yake. Mimi nashinda karakana, watakuwa wawili tu. Mama hajifai kwa furaha. Amenunua chupa ya kunyonyeshea, ameichemsha, ameiweka mezani.

Leo asubuhi niliikuta imejaa maji. Nikaonja kidogo: sabuni. Nikamwaga, nikaenda kununua kufuli, nikalifunga bomba. Nilipotoka kuoga, chupa ilikuwa imejaa tena, na ngazi ya Baba imeegemezwa kwenye tangi.

Usimlete mtoto. Njoo wewe, upesi.

Msalimie Shemeji, na Mama Mkubwa umwambie dawa alizonitumia nimezipata. Mungu amlinde binti yetu hukohuko aliko.

Wako akupendaye,
Kitindamimba